Toyome wa Katata, Aliyechorwa Jehanamu

Marehemu Toyome alizaliwa hapa Katata, kando ya ziwa, majira ya kuchipua ya mwaka wa pili wa enzi ya Karoku. Alikuwa kifungua mimba wa mzee Sukekata, mtia rangi nguo, na mama Inume.

Kusoma hakufundishwa. Baba alimfundisha kusaga rangi. Mimi mdogo wake, ninayewasomea haya, nakumbuka alivyokuwa akija kula na mikono ya buluu, mama akimwambia, "Mwanangu, huo wali au nguo?" Naye akicheka na kuendelea kula.

Mwaka wa kwanza wa enzi ya Kangen, akiwa na miaka kumi na saba, aliolewa na mchoraji Munehiro, wakajaliwa watoto wawili. Rangi zote za nyumba ile alizisaga yeye.

Miaka kumi na sita baadaye, mwaka wa kwanza wa Shogen, Munehiro alichorea hekalu letu picha ya Jehanamu. Siku ya kufunuliwa tulikwenda sote. Mtawa alituonyesha kwa fimbo mti wenye majani ya visu, adhabu ya waliotawaliwa na tamaa ya wanawake: mwanamume anaupanda huku akikatwakatwa, akimfuata mwanamke mrembo anayemwita kutoka kileleni. Mwanamke yule alikuwa dada yangu, hata na kovu lake la kidevuni.

Sokoni wanawake wakaanza kumdhihaki. "Shoga, leo umeshuka mtini? Mume wangu usimwite, tafadhali."

Toyome akamwuliza mumewe, "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Sina uso mwingine ninaoujua kama wako."

"Basi ufute."

"Mtawa mkuu ameshaipenda."

Alifunga nguo zake akaja kwangu. Hakurudi tena kwa Munehiro.

Kifua kilimwanza miaka mitatu baadaye, mwaka wa pili wa Kocho. Mwezi wa kumi wa mwaka uliofuata alizidiwa. Watawa wakamwekea mbele yake picha ya Buda Amida akishuka na mawingu kuja kumpokea, wakamshikisha nyuzi za rangi tano zilizofungwa kwenye mikono ya Buda pichani, ili amvute hadi peponi.

"Kachora nani?" aliniuliza.

Nilishindwa kumdanganya, nikamwambia ni Munehiro. Akaziachia nyuzi.

"Iondoeni. Amida nitamwita mwenyewe."

Akamwita mpaka sauti ikamwishia, asubuhi ya tarehe tisa.

Ameacha mwanawe Takemaru, bintiye Nobume, mimi Hatsume, na mume, Munehiro, yule aliyesimama nyuma. Picha bado imo hekaluni. Mkiwapeleka watoto kuitazama, waambieni kwamba mwenye uso ule hakumwita mtu yeyote.

Apumzike sasa dada yetu, asitazamwe tena.