Fundi Baridi na Matumbawe ya Sebuleni

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Baridi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa mshona viatu na mkunga. Kati ya hao watano sasa wamebaki wawili: dada yao mkubwa, na mdogo wao anayewasomea haya.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani, kisha mwaka 1979 akaingia chuo cha ufundi kujifunza majokofu. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa wa kuuliza tu, mpaka walimu wakiona amenyoosha mkono wanajifanya wanafuta ubao.

Alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1986. Mkewe alimpata kwa kutengeneza friji ya kwao binti, kisha akawa anarudi kila mara eti kukagua gesi, hadi mama wa binti akamuuliza, "Mwanangu, hii friji ina ugonjwa gani usiopona?" Posa ilipelekwa wiki hiyohiyo. Walijaliwa binti na mwana.

Alifanya kazi katika karakana yake mwenyewe maisha yake yote. Mwaka 2004 aliitwa kung'oa mashine ya kupoza maji ya tangi la mapambo kwenye hoteli iliyokuwa inafungwa, akarudi na tangi zima la kioo, matumbawe hai, wale viumbe wa baharini wanaochanua kama maua, yakiwa ndani. Televisheni ikahamishiwa chumbani. Tangu hapo sebule ilinuka bahari, na wageni walikatazwa kugonga kioo. Kila Jumamosi alipanga vichupa vyake mezani akapima maji: chumvi, kalsiamu, iodini. Iodini matumbawe huitaka chembe tu, ikizidi, yanakufa. Shemeji yake alipomletea dawa ya kuyanenepesha, alijibu, "Kwanza tupime." Ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo, hata siku binti yake alipoleta mchumba.

Mwenyewe hakwenda kupimwa. Tulipomwambia miguu imevimba, alisingizia viatu. Januari mwaka huu daktari alituambia figo zimekwisha. Inauma, na hakuna namna ya kulisema hilo likapendeza.

Alipolazwa, tangi lilibaki mikononi mwa mkewe. Maji yalipopungua kwa joto, mama wa watu akajazia ya chumvi, maana si ndiyo bahari yenyewe? Matumbawe yote yakajikunja kama ngumi. Alikwenda kumweleza mumewe wodini, akisubiri lawama. Marehemu alicheka hadi akakohoa.

"Mama watoto, kilichopanda hewani ni maji tu. Chumvi haijaenda popote, na wewe umeiongezea nyingine! Chota kidogo, ujazie maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Polepole, usiyashtue."

"Na yakifa je?"

"Hayafi. Yakifunguka, njoo uniambie."

Alifanya alivyoelekezwa. Asubuhi ya tarehe 22 Mei yalifunguka. Alikwenda hospitali kumwambia, akamkuta muuguzi anatandika shuka safi kwenye kitanda kitupu. Alipewa pole na maelezo, akaitikia, akachukua kandambili za mumewe, akarudi nyumbani akapima chumvi. Hadi leo hajalia. Anaomba msimshangae wala msimhimize. Anasema hasikii kitu, kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Marehemu ameacha mjane, binti, mwana, mjukuu mmoja, dada na mdogo wake. Mjane aliomba matumbawe nayo yaandikwe hapa, na yameandikwa.

Mwenyezi Mungu ampokee na kumpa pumziko. Na kwa kuwa ile habari haikumfikia, mjane ameomba isomwe kabla udongo haujaingia.

Baba watoto, yamefunguka.