Fundi Aliyetaka Kujua Nani Kaiua Turbo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja na fundi mmoja wa magari. Ametutoka Jumatatu iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Wateja walimwita Mzee Kwanini. Si jina alilopewa na wazazi. Alilipata gereji, kwa maswali yake.

Siku moja aliingia mkunga, mama wa makamo, na gari kuukuu la dizeli. Lilikuwa linatoa moshi wa bluu na kupiga mluzi kama birika. Mlimani lilikata pumzi kabisa. Na mlimani ndiko waliko wajawazito wake.

“Wiki iliyopita nilifika mtoto keshazaliwa,” alisema mkunga. “Mama yake alikuwa peke yake. Safari hii Mungu alisaidia.”

Ndani ya mwaka mmoja gari lilikuwa limefungwa turbo mbili. Turbo, wasikilizaji, ni kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini ili gari lipate nguvu. Zote mbili zilikufa.

Mzee Kwanini alifungua bomba la hewa. Ndani lilikuwa limelowa oili. Akashika kijifeni cha turbo kwa vidole viwili, akakitikisa. Kikacheza huku na huku kama jino bovu.

Binti yake, fundi mwenzake, akasema, “Baba, hii imekufa. Tufunge nyingine.”

“Najua imekufa. Nataka kujua nani kaiua.”

Akafungua kijibomba chembamba kinachopeleka oili kwenye turbo. Akakipuliza. Mashavu yakavimba, midomo ikawa myeusi, hewa ikapenya kwa shida. Akakikata kwa msumeno. Ndani oili ilikuwa imeungua na kuganda, imebaki tundu la kupitisha sindano. Turbo zote mbili zilikufa kwa kiu!

Wengine wangeishia hapo. Yeye alimgeukia mkunga.

“Mama, ukifika juu ya mlima unafanyaje?”

“Nazima gari, natimua mbio. Mtoto hasubiri.”

“Hapo ndipo oili inapoungulia. Turbo bado ya moto, nawe umeikatia oili. Iache injini iungurume dakika mbili.”

“Nitakaa garini dakika mbili na mwenzangu anapiga kelele ndani?”

Mzee alikuna kichwa. “Baba mtoto yuko wapi saa hizo?”

“Anazunguka uani, hajui ashike lipi.”

“Mkabidhi ufunguo.”

Wakafunga kijibomba kipya na turbo mpya, wakabadilisha oili. Tumempigia mkunga simu jana. “Miaka kumi na mbili, turbo ni ile ile,” alituambia. “Na kina baba wote wa mlimani wanajua kuzima gari langu.”

Mzee Kwanini aliugua figo miezi mitano. Mkewe anasema hakuwahi kulalamika, ila alimhoji daktari mpaka daktari akavuta kiti akaketi. “Tulitoka tukiwa tumeelewa,” anasema mama huyo. “Hatukupona, lakini tulielewa. Ilinisaidia kumuaga.”

Kwa mkewe na kwa binti yake, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize: ni kitu gani tumekibadilisha mara mbili, mara tatu, bila kutazama kinachokiua? Huenda ni kazi. Huenda ni rafiki. Leo, kabla hujalala, kaa nacho kidogo. Kifungue. Kitazame.