Profesa Ildefons Kyaruzi na Kwikwi ya Ubongo

Baba Paroko, Mama Celina mjane wetu, ndugu na majirani wa Izimbya, mimi ni Theopista, binti wa mdogo wa marehemu, nimeishia darasa la saba, na ni yeye mwenyewe aliyeagiza wasifu wake niusome mimi, akisema akielewa Theopista kila mtu ataelewa.

Baba yetu mkubwa, Profesa Ildefons Kyaruzi, alizaliwa hapa Izimbya tarehe 14 Agosti 1958, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari Kahororo, akahitimu udaktari Dar es Salaam mwaka 1985, kisha akaenda Uholanzi kusomea ubongo, akarudi mwaka 1994 na shahada ya uzamivu, vitabu sanduku zima, na mpira mmoja wa miguu kwa ajili ya watoto wa kijiji hiki.

Tarehe 2 Januari 1988 alifunga ndoa Bukoba na Mama Celina, muuguzi, wakajaliwa watoto wawili, Protase na Adventina. Alifundisha chuo kikuu na kutafiti kifafa hadi alipostaafu mwaka 2018, akarudi nyumbani, akawa anazunguka kwenye shule, makanisa na misikiti kuwaeleza watu ugonjwa huo, maana wagonjwa walikuwa wakitengewa sahani zao na vikombe vyao, na mwanangu Gaudiosa, wakati huo ana miaka minne, alikuwa mmoja wao.

Hotuba yake ya kwanza aliitoa Kagoma, nilikoolewa, Jumamosi tarehe 16 Februari 2019, akaeleza kwamba kifafa ni umeme wa ubongo uliozidi, watu wakashika neno umeme, na waliokuwa wakiogopa povu la mwanangu sasa wakaogopa kupigwa shoti, hata fundi mmoja akanishauri kwa moyo mwema nimvalishe kandambili za mpira. Nilipompigia simu baba mkubwa alicheka, kisha akasema kosa ni lake, si la watu.

Jumamosi iliyofuata alirudi, akaomba radhi mbele ya wote, akasema ubongo nao hushikwa na kwikwi, na hakuna aliyewahi kuambukizwa kwikwi, halafu akampakata Gaudiosa, wakala ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwenye jani moja la mgomba, na jirani yangu Bi Mwajuma akanawa mikono akasogea kula nao. Tangu siku hiyo Kagoma hawamtengei sahani, anameza dawa zake kila siku, yuko darasa la nne, na ni mwaka mzima sasa hajaanguka.

Moyo ulianza kumsumbua marehemu Juni 2024, akalazwa Bukoba mara tatu, na Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, alituaga, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Celina.

Tunawashukuru madaktari, na yule muuguzi aliyemfutia miwani kila asubuhi ili asome, walimu wenzake waliosafiri kutoka Dar es Salaam, majirani mliokata majani ya migomba tangu jana, na Bi Mwajuma aliyembeba mwanangu mgongoni alipochoka njiani.

Aliacha ombi moja, kwamba tukitoka kaburini Gaudiosa ale na watoto wa ukoo jani moja, kwa sababu alijua hata hapa Izimbya wapo ambao bado wanaogopa. Sasa tumetoka, majani yameshatandikwa, mwanangu amenawa mikono, amekaa pale, anasubiri wenzake.

Baba mkubwa, neno lako tumelielewa, pumzika kwa amani.