Kicheko Nyumbani mwa Kilio

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnaniona nimesimama hapa kwa miguu yangu mwenyewe, na hilo tu linatosha kumshukuru Mungu.

Wengi wenu mnajua nilikuwa mwanafunzi wa shule ya juu ya misheni hapa Élisabethville, mwaka wa mwisho. Tulifundishwa kuketi na watu wenye mioyo mizito na kuwashauri kwa Neno. Nami nilikuwa hodari, sifichi! Kisha Marta, bibi yangu wa ndoa, akafa kwa homa. Kila aliyekuja alinisomea mistari. Ndugu zangu, ni mistari ile ile niliyokuwa nikiwasomea wengine! Haikuingia. Sikulia, chakula hakikupita kooni, nikawa namwomba Mungu anichukue na mimi.

Banungwe, watani wetu, hawakuwepo. Mnajua desturi yetu: sisi wa ukoo wa Mbuzi tukifiwa, watu wa ukoo wa Chui huja kututania hata mbele ya maiti. Lakini mwalimu wetu mzungu alisema mzaha katika kilio ni upagani, na wazee wa kanisa wakawazuia mlangoni.

Asubuhi moja nilikuwa nafunga vitabu kwa kamba nivirudishe shuleni, niache masomo, niache na maombi. Mama Ngosa, mtu wa Chui, yule anayeuza mihogo hapa mtaani kwetu Kenya, akaingia bila hodi. Akakaa kwenye kiti changu, akanitazama.

“We mbuzi,” akasema, “bibi yako alichoka harufu yako, njo maana akaenda. Sasa unataka kumufuata kule? Muache apumuzike!”

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakohoa, kisha machozi yakaja, nikamlilia Marta wangu kwa sauti, mara ya kwanza tangu tumzike. Mama Ngosa hakusoma mstari hata mmoja. Alisonga bukari, ugali wa mihogo yake, tukala, naye akalia pamoja nami.

Kesho yake nikarudi darasani, nikamweleza mwalimu yote. Akauliza mama huyo anakaa wapi, naye akajifunze kwake.

Nilimaliza masomo, ndugu zangu, na leo kazi yangu ni kuketi na waliofiwa. Asante Yesu! Na wewe unayeumia peke yako nyumbani, mtumaini Bwana, atakutumia mtu. Usimchunguze kwanza kama anafanana na malaika. Mfungulie.