Mzee Ratili, Fundi Mizani Aliyekufa Bila Muhuri

Ndugu, jamaa na majirani, haya ndiyo maisha ya marehemu kama watu wa nyumbani kwake wanavyoyajua. Yamesomwa kwanza mbele ya mjane na watoto, na kila neno ambalo hatukuwa na hakika nalo tumeliondoa. Tunasema hivyo mapema kwa sababu tangu Jumatano kuna maisha mengine ya marehemu yanayosimuliwa mtaani, na hayo sisi hatuyatambui.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka. Alikuwa mtoto wa tano wa mpakiaji magunia na mkewe, na alizaliwa kabla ya siku zake. Shangazi yake, mtu asiyeamini hata macho yake mwenyewe, alimviringisha kwenye shuka, akavuka naye barabara hadi dukani, akamlaza kwenye kitanga cha mizani. Ratili nne, hata kilo mbili hazikutimia. Mwenye duka akatikisa kichwa. “Shangazi, hata sukari uliyobeba jana inamshinda huyu.” Shangazi akamjibu, “Sukari hailii. Huyu analia.” Jina la Ratili likamganda tangu siku hiyo, na shangazi alikuwa akilitamka kama mtu aliyeshinda kesi.

Alianza shule Januari 1959 na akaishia darasa la tano, mwaka 1963, baba yake alipoteguka mgongo chini ya gunia. Mwalimu wake wa hesabu alimkumbuka kwa jambo moja. Siku moja aliambiwa apime urefu wa daftari. Akapima, kisha akauliza, “Na rula yenyewe, Mwalimu, nani aliipima?” Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, halafu akamsimamisha pembeni mpaka kengele ilipolia. Marehemu alisema hakuwahi kupewa jibu.

Mwaka 1966 alipokelewa kazini na fundi mizani mmoja mkongwe, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Huyo alimfundisha kunyoosha mshale, kusafisha kutu na kubadilisha springi. Lakini sharti lake kubwa lilikuwa moja: mizani haipimwi kwa mawe ya mwenye mizani. Jiwe la mwenyewe na mizani ya mwenyewe vimezoeana kama mke na mume, kila mmoja anaficha kasoro ya mwenzake. Fundi huja na mawe yake, ya nje, ambayo hayamjui mtu yeyote pale dukani.

Tarehe 2 Januari 1974 marehemu alifungua karakana yake, chumba kimoja kati ya kinyozi na muuza rangi. Alifanya kazi humo miaka arobaini na saba. Mawe yake kumi na moja ya shaba aliyabeba kwenye sanduku la mbao, kila moja kwenye shimo lake, limefungwa kwa flana. Wauza nyama walimwogopa na bado walimwita. Kuna mmoja aliyemwambia, “Fundi, mizani yangu haijawahi kusema uongo tangu niinunue.” Marehemu akafungua sanduku. “Haijawahi kuulizwa na mgeni,” akasema.

Alifunga ndoa tarehe 18 Septemba 1976 na aliyekuwa muuza nyuzi za kufuma. Walifahamiana kwa ugomvi. Yule dada alirudisha mizani yake akidai fundi ameiharibu. Fundi akaiweka mezani, akapima, akapima tena, akakuna kichwa. Dada akachukua kijiko cha maji, akakimimina juu ya meza, na maji yakakimbilia ukutani. “Meza yako imelala, fundi,” akasema. “Kumbe miaka miwili unapima watu kwenye mteremko.” Marehemu alikuwa akisimulia kwamba siku ile aliinyoosha meza na kutafuta mshenga.

Walijaliwa watoto watatu. Wa pili, mvulana, aliugua homa na kufariki tarehe 5 Mei 1981 akiwa na miezi saba. Kila mwaka tarehe hiyo mkewe alifua nguo za nyumba nzima, hata zilizokuwa safi.

Hapa inabidi tueleze jinsi Kundi lilivyoingia nyumbani. Wenyewe hujiita hivyo tu, Kundi, kana kwamba kondoo wengine wote duniani ni mbuzi. Hukutana katika jengo lililokuwa stoo ya rangi. Wanafundisha kwamba njia ya wokovu ni moja na wao ndio wameishika, na kwamba mtu huipata kwa kutiwa muhuri: hupakwa mafuta kipajini na Kiongozi wao, na jina lake likaandikwa kwenye daftari. Aliyetiwa muhuri hali meza moja na asiyetiwa. Wala hamziki.

Juni 2017 Kiongozi alikuja nyumbani, mtu mpole, viatu vinang’aa. Alimtazama Mama, huyu mjane wetu, kwa muda mrefu, kisha akamwambia, “Naona mtoto mdogo anakusubiri langoni. Wa kiume.” Mama akadondosha bilauri. Ilionekana kama Kiongozi ameoteshwa. Lakini juma moja kabla yake, dada mmoja wa Kundi alikaa asubuhi nzima kwa fundi cherehani wa jirani, anashonewa kifungo kimoja, anauliza habari za kila nyumba. Fundi cherehani huyo yupo hapa leo na hatakana.

Kiongozi alisema mama akivumilia ndani ya Kundi miaka mitatu, mtoto atahesabiwa kwake na lango litafunguliwa. Hawakuomba hata senti. Mama akatiwa muhuri mwezi uleule.

Marehemu hakumkataza. Alifanya alichozoea: alienda kupima. Alikaa benchi la nyuma katika Kundi Jumapili nne, kisha akaenda kwa makundi mengine mawili ya mtaani ambayo nayo husema njia ni yao tu. Kila mahali aliuliza habari za yale makundi mawili mengine, na kila mahali alijibiwa kwamba wamepotea. Kila mahali aliomba ushahidi, akaonyeshwa kitabu kilichoandikwa na mwanzilishi wa palepale.

Lakini marehemu naye alikosea, na aliagiza kosa lake lisifichwe. Jumapili ya tarehe 11 Februari 2018 akina mama saba wa Kundi walikuwa wageni wa Mama sebuleni. Mmoja akamuuliza marehemu kwa utani, “Mzee, wewe utaingia lini?” Marehemu akasema, “Nimetembelea njia tatu za pekee, dada yangu. Nikiingia kote, nitakuwa nimeokoka mara tatu na kupotea mara sita. Mizani ya namna hiyo ofisi ya vipimo ingeifungia siku hiyohiyo.” Wengine walicheka kabla ya kukumbuka kwamba hawaruhusiwi. Mama hakucheka. Alitazama kapeti mpaka wageni walipoondoka.

Kesho yake alipakua chakula, akaweka sahani ya mumewe mezani, akachukua yake na kwenda kula chumbani, mlango umefungwa. Kabla ya hapo alikuwa akikwepa sharti hilo la meza kwa visingizio. Tangu siku ile alilishika. Marehemu alimwambia kinyozi, “Nimempima mke wangu mbele ya wateja. Hata muuza nyama sijawahi kumfanyia hivyo.” Aliomba radhi mara nyingi kupitia mlangoni. Mama alijibu, “Nimekusamehe, baba watoto. Ila mwanangu ananisubiri.”

Walikula hivyo miaka mitano na nusu, yeye mezani, Mama chumbani. Marehemu alikuwa akila taratibu sana, akisikiliza kijiko cha upande wa pili kitulie ndipo naye amalize. Haja yake ilikuwa hiyo tu, na aliisema wazi kwa wanawe: mama yenu arudi mezani kabla sijafa.

Mwishoni mwa 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akafunga karakana, akaagizwa alale ameinuliwa kwa mito mitatu. Alilazwa mara mbili mwaka 2022, na mara ya mwisho Juni mwaka huu wa 2023. Aliporudi nyumbani kitanda chake kiliwekwa sebuleni kando ya meza, penye hewa.

Alhamisi ya tarehe 27 Julai, saa nane mchana, Kiongozi alifika na wazee wawili, chupa ya mafuta na daftari. Waliokuwepo ni binti mkubwa, mjukuu mmoja na Mama, aliyekuwa ameshika sahani yake tayari kwenda chumbani.

“Mzee, saa imefika,” Kiongozi akasema. “Utamwacha mama peke yake upande wa pili?”

Marehemu akavuta pumzi. “Nina swali moja, mwanangu. Asiyetiwa muhuri anapita?”

“Hapiti. Hakuna anayepita.”

“Mtoto wetu alikufa na miezi saba. Nani alimtia?”

Wale wazee wawili wakatazamana. Kiongozi akatabasamu, akasema, “Mtoto habebwi na muhuri wake, mzee. Anabebwa na wa mama yake. Mama akitimiza miaka saba—”

“Mingapi?” Mama akauliza.

“Saba, mama.”

“Ulikuja hapa ukasema mitatu.” Hakuwa amepandisha sauti. “Ilipotimia ukasema mitano. Nikanyamaza, nikasema labda nilisikia vibaya. Leo ni sita na unasema saba. Nikifika saba, Kiongozi, mwanangu atakuwa amesogezwa wapi?”

“Mama, shetani anatumia ugonjwa wa mzee—”

“Shetani hajaniambia hesabu yoyote. Hesabu zote umeniambia wewe.”

Akavuta kiti. Akaweka sahani yake mezani, karibu na kitanda.

“Ukikaa hapo,” Kiongozi akasema, akifungua daftari, “unajifuta mwenyewe.”

“Futa.”

Walipotoka, Mama alichota kijiko cha kwanza, akakirudisha sahanini. Binti akamshika bega. Mama akamgeukia mumewe. “Na kama ni kweli? Kama yupo langoni na mimi ndiye nimemfungia?”

Marehemu hakumcheka safari hii. “Sijui, mama,” akasema. “Sijawahi kufika huko. Ila anayejua asingebadilisha idadi.” Kisha akaomba apakuliwe tena, ingawa alikuwa ameshiba, na binti akamwonea huruma akapakua.

Walikula pamoja siku kumi na mbili. Marehemu alifariki Jumanne ya tarehe 8 Agosti 2023, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mkewe alikuwa amemshika mkono, binti akiwa jikoni anachemsha maji.

Sasa hayo yanayosimuliwa. Inasemwa kwamba marehemu alipakwa mafuta saa ya mwisho, na kwamba Mama amerudi Kundini na leo hatazika. Marehemu hakupakwa mafuta na mtu yeyote. Tangu tarehe 27 Julai hakuna mtu wa Kundi aliyeingia sebuleni mle, na kitanda hakikuachwa bila mwangalizi hata wakati wa kwenda chooni; tulipeana zamu kwa sababu hiyohiyo. Mtu akikuambia alikuwepo, muulize kitanda kilielekea wapi.

Marehemu alikuwa mtu wa kusali tangu utotoni, kwa sauti ndogo, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba yeye ameokoka wala kwamba mwingine amepotea. Alisema kazi hiyo hajawahi kumwona fundi wake.

Ameacha mjane, ambaye amesema mwenyewe aandikwe wa kwanza. Ameacha binti mkubwa, mwalimu wa watoto wadogo. Mwana wa mwisho, dereva wa lori. Wajukuu sita na kitukuu mmoja. Dada yake mmoja. Na kinyozi, jirani yake wa karakana kwa miaka arobaini na saba, ambaye si ndugu wa damu lakini ameomba asiachwe, na hatukuona sababu ya kumwacha.

Tumeambiwa pia kwamba Kundi litatuma ndugu wawili wenye daftari, wasimame nje ya uzio na kuandika nani wa Kundi amekuja kuzika. Viti vipo, ndugu zetu, na jua ni kali, karibuni ndani. Mkishindwa, basi andikeni sawasawa: mjane amekuja kwa miguu yake, amekaa mstari wa mbele, kiti cha kwanza kushoto, na udongo wa kwanza atautupa yeye.

Mzee wetu, lala. Mlangoni tupo sisi, hakuna atakayekupaka mafuta. Upumzike kwa amani.