Mama Kigingi na Kambi ya Majimbo Mawili

Wasikilizaji wapendwa, kwenye kambi ile asubuhi ilianza kwa nyundo. Kabla ya chai, mwanamke mmoja alitoka hemani na nyundo yake ya mti, shali begani, akaligonga hema lake kigingi baada ya kigingi. Akimaliza alisimama ukingoni mwa njia ya changarawe na kumwita shemeji yake aliyelala upande wa pili.

"Shemeji, jua limetoka. Njoo uliguse, haliumi."

Na shemeji alijibu akiwa bado ndani ya blanketi. "Liache hapo nje, shemeji. Nitalichukua nikishakunywa chai."

Ilikuwa hivyo kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka. Mwezi uliopita nyundo ilisikika kama kawaida, kisha ikanyamaza kazi ikiwa haijaisha. Shemeji alikuwa na jibu lake tayari mdomoni. Alingoja aitwe. Alipoona kimya kinazidi, alitoka bila viatu, akavuka njia.

Alimkuta ameketi chini, mgongo umeegemea mfuko wa hema, nyundo iko mapajani. Daktari alisema ni moyo, na kwamba haukumtesa.

Leo tunamkumbuka mwanamke huyo. Wenzake wa kambini walimwita Mama Kigingi. Alikuwa mshonaji wa mahema na maturubai. Alizaliwa jimbo la bondeni, akaishi jimbo la milimani. Tafadhali lishike hilo, msikilizaji, maana maisha yake yote yamo humo: alizaliwa bondeni, akaishi milimani.

Nyumba ya wazazi wake ilikuwa nyuma ya kiwanda cha nguo. Baba yake alifanya kazi kwenye mashine za kufuma, na watoto walijua amefika kwa kumsikia anavyopaza sauti, kwa sababu kelele za kiwandani zilikuwa zimemzoesha kupayuka hata akiomba chumvi. Kisha kiwanda kikafungwa. Wakubwa walikuja, wakasema kitafunguliwa. Walikuja wengine wakasema hivyo hivyo. Majirani walianza kuhama, leo nyumba hii, kesho ile, mpaka mtaa ukabaki na mbwa wengi kuliko watu. Mama Kigingi alikuwa msichana wakati huo. Alipanda lori la mizigo akaenda milimani kutafuta kazi. Mdogo wake wa kiume alibaki na mama yao.

Huko milimani alipata kazi kwenye karakana ya maturubai, na baadaye akafungua yake. Binti yake, ambaye sasa ndiye anayeiendesha, alinikaribisha ndani. Ni chumba kirefu chenye dirisha moja kubwa. Kuna cherehani nzito, ya kushonea vitambaa vigumu, na kando yake kipande cha nta kilichochimbika katikati kwa kupitishwa uzi kila siku.

"Mama hakuuza hema ambalo hajanyeshewa ndani yake," binti alinieleza. "Alilisimamisha hapo uani, akaingia na kigoda na kikombe cha chai, akafunga zipu. Mimi kazi yangu kumwagia maji kutoka nje kwa mpira. Akilowa, anataja mahali: bega la kushoto, pindo la nyuma. Akikaa kimya mpaka chai iishe, hema limefaulu."

"Na kama umelowesha chai yenyewe?" nilimuuliza.

"Basi siku hiyo hakuna anayekula mapema."

Aliolewa na dereva wa lori aliyekuja kushonewa turubai lililochanika. Mume alikuwa mtu wa milimani. Alifariki binti akiwa bado shule ya msingi. Watu walidhani mjane atafunga virago arudi kwao. Hakurudi. Alipoulizwa, alijibu kwa maneno ambayo kila aliyemfahamu anayajua.

"Kurudi wapi? Kwetu kuna vumbi na ahadi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema. Lakini ole wako uyaseme wewe. Siku moja mteja alikaa karakanani akingoja turubai lake, akasema watu wa bondeni ni wavivu, ndiyo maana kwao kumekufa. Cherehani ikasimama. Mama Kigingi alimtazama kwa upole.

"Baba, maneno hayo ni yangu," alisema. "Wewe hukuzaliwa kule. Tafuta ya kwenu."

Mteja akaomba radhi, cherehani ikaendelea.

Sasa nikupeleke kambini, msikilizaji. Ni uwanja wa nyasi kando ya ziwa, na mpaka wa majimbo mawili unapita katikati yake. Shule zikifungwa, familia kutoka pande zote mbili huja kupiga mahema. Njia ya changarawe ndiyo mpaka. Wa milimani hukaa kulia, wa bondeni kushoto. Na hapo mtu hahesabiwi kwa anakoishi. Anahesabiwa kwa alikozaliwa. Ndiyo maana Mama Kigingi alisafiri kwenye gari moja na binti yake na shemeji yake, kisha wakifika wanaagana njiani kama watu wasiojuana.

Binti alizaliwa milimani. "Siku ya kuvuta kamba nilimburuta mama yangu mzazi kwenye matope," aliniambia. "Na akaniambia nimevuta vibaya, nitaumia mgongo."

Shemeji, ambaye ni kaka mkubwa wa marehemu mume wake, ni mwokaji mikate na ndiye nahodha wa milimani. Yeye alisema bondeni ni bapa hata mtu akitaka kuona mbali anapanda kiti. Mama Kigingi alijibu kwamba milimani mtu akipiga mwayo, ukungu unaingia na kupanga chumba. Utani huo ulianza mahema yakishushwa kwenye magari, ukaisha mahema yakipandishwa.

Ila kambi ile ina sheria moja. Unaruhusiwa kulicheka jimbo la wenzako. Unaruhusiwa kulicheka la kwenu. Kulisifu la kwenu, hapana. Anayelisifu anaosha sufuria za kambi nzima, na masizi ya kuni si mchezo. Walioshindwa kuvuta kamba ndio wanaosimama jioni na kuwasifu washindi. Mama Kigingi alipata nafasi hiyo mara nyingi. "Hewa ya milimani ni safi," alisema mwaka mmoja, uso umekunjwa kama wa hakimu. "Hakuna anayetoka nje kuichafua."

Basi kwa sheria hiyo, na kwa ulimi wake ulivyokuwa, hakuna aliyewahi kumsikia akipasifu kwao.

Mdogo wake naye alikuwa akija kambini. Ni fundi wa pampu za maji, mtu mpana, mpole, msema kidogo. Kwenye kamba alikaa wa mwisho, akajizungushia ncha kiunoni, na bondeni wakashinda. Alikuwa bado akiishi nyumba ile ile ya nyuma ya kiwanda. Alimuuguza mama yao mpaka akamzika.

Jioni moja watu wamekaa wanakula, utani umepamba moto. Shemeji akauliza kwa nini bado kuna watu bondeni hata leo. Mama Kigingi hakufikiri. Neno lilitoka tu.

"Waliobaki ni wale waliokosa nauli."

Kambi nzima ilicheka. Mdogo wake alicheka pia, kidogo. Akaweka sahani chini. Asubuhi, watu wanachemsha chai, hema lake lilikuwa limeshakunjwa.

Mwaka uliofuata hakuja. Alisema ana pampu mbovu. Mwaka wa pili pia hakuja. "Pampu ya mjomba iliharibika kila shule zilipofungwa," binti alisema. Bondeni wakawa wanashindwa, na Mama Kigingi akawa anasimama kila mwaka kuwasifu wenzake. Simu walipigiana. Waliongea habari za mvua, za paa la nyumba ya wazazi, za dawa ya mgongo. Lile neno hawakuligusa.

Binti alimsihi. "Mama, mwombe tu radhi."

"Kwa utani?" Mama Kigingi alijibu. "Nikimwomba radhi, ndipo atakapojua nilimaanisha."

"Kwani ulimaanisha?"

Mama yake akaupitisha uzi kwenye nta, akaupitisha tena. 

Wasikilizaji wapendwa, mnaona alipokuwa amekwama. Alitaka mdogo wake arudi kambini, arudi kwenye maisha yake. Na hakujua mlango wa kumwitia, kwa sababu mlango aliouzoea ulikuwa ni utani, na utani ndio uliomfukuza.

Mwaka huu binti hakumwambia mama yake. Alimpigia mjomba mwenyewe. "Mjomba, mama anachoka haraka siku hizi. Anagonga kigingi, anapumzika, anagonga tena."

 Mjomba akauliza, "Barabara ya ziwani imetengenezwa?"

Alifika mchana. Alisimamisha hema lake upande wa kushoto, peke yake, huku watu wa pande zote mbili wakijifanya wana shughuli nyingine. Mama Kigingi alichukua nyundo yake, akamwendea. Hawakusalimiana. Aliinama, akatikisa kigingi cha kwanza.

"Umekisimamisha wima. Kigingi kinalazwa. Kwenu hawafundishi?"

"Kwetu," alisema mdogo wake. "Hata wewe ni kwenu."

Mama Kigingi aligonga kigingi kile muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Alipomaliza vyote, mdogo wake alimpa kikombe cha maji, naye akanywa amesimama. Hayo ndiyo yote waliyoambiana.

Jioni kamba ilivutwa, bondeni wakashinda. Shemeji alisimama kuwasifu washindi, akasema vumbi la bondeni lina adabu, linaingia nyumbani bila kupiga kelele. Watu wakala. Kisha jambo geni likatokea. Mama Kigingi alikunja mikono ya blauzi, akaanza kukusanya sufuria za kambi nzima.

Shemeji alimfuata mpaka kwenye bomba. Fundi wa pampu wakati huo alikuwa ziwani na watoto, akiwaonyesha namna ya kurusha jiwe liruke juu ya maji. Hakusikia.

"Shemeji, mbona unaosha?" mwokaji alimuuliza. "Sijakusikia ukipasifu kwenu."

"Nimepasifu, shemeji."

"Lini?"

"Moyoni. Leo mchana, gari lake lilipoingia. Nimeona bonde zima limeshuka kwenye lile gari." Akamimina mchanga ndani ya sufuria, akasugua. "Nimevunja sheria. Niache nioshe."

Mwokaji akachukua kitambaa, akakausha. Aliniambia kwamba alitaka kwenda kumwita mdogo wa shemeji yake palepale aje asikie. Mama Kigingi akamkataza. "Nitamwambia mwenyewe. Usiniharakishe."

Asubuhi iliyofuata ndiyo ile niliyoanza nayo, nyundo iliponyamaza.

Amezikwa milimani, kando ya mume wake, kwa uamuzi wa familia zote mbili. Watu wa kambini walifika kutoka pande zote. Baada ya mazishi mwokaji alimketisha mdogo wa marehemu kwenye benchi la karakana, akamsimulia habari za sufuria, neno kwa neno. Alimaliza, wakakaa tu. 

Kwa binti wa marehemu, kwa shemeji yake, kwa mdogo wake, na kwa jamaa wote wa kulia na wa kushoto mwa ile njia, sisi hapa redioni tunawapa pole nyingi. Mungu ampumzishe mahali pema.

Nawe unayenisikiliza, labda uko jikoni, labda uko njiani, jiulize jambo moja kimyakimya. Wako watu tunaowapenda ambao tumezoea kuwasema kwa mzaha tu. Mzaha ni mtamu, na wakati mwingine ndio lugha pekee tuliyo nayo. Lakini yule mtu hana njia ya kuingia moyoni mwako akaangalia. Mtamkie. Hata kwa sauti ndogo, mtamkie.

Nilipokuwa nakusanya simulizi hizi nilisafiri mpaka bondeni, kwenye nyumba ya nyuma ya kiwanda. Fundi wa pampu alinijibu maswali yangu kwa ufupi, mikono yake ikifungua na kufunga bomba ambalo halikuwa na tatizo. Nilimshukuru nikaanza kufunga vitu vyangu. Akaniuliza kama chombo changu bado kinanasa sauti. Nilimwambia ndiyo. Akasema ana maneno ya kumwambia dada yake, na angependa yasikike redioni, maana mbele ya watu hawezi. Haya hapa.

"Dada, ule utani uliniuma siku moja tu. Miaka yote niliwaambia watu ndio ulionifanya nisije. Si kweli. Sikuja kwa sababu kila tulipoagana pale kambini, wewe ulipanda gari la milimani, nami nikarudi hapa peke yangu, na nikawa siwezi tena kukuangalia ukiondoka. Nilitaka urudi nyumbani. Chumba chako nakifagia mpaka leo. Nilitaka urudi, dada, na sikuwahi kukuomba."