Mlinzi Anayeitwa Terence

Kwenye basi la Lewisham, hapa London, watu hawasemeshani, lakini yule bibi mwenye koti la zambarau alikuwa amekwama kwenye gemu, na kijana asiyemjua, aliyekaa pembeni yake, alikuwa ameshaimaliza. Ni ile gemu ya London ya miaka ijayo, unadukua kamera za wakubwa na kuukomboa mji mtaa kwa mtaa.

"Mlinzi wa mnara ananizibia njia," alisema bibi. "Si umpige risasi!" alisema kijana. "Simpigi. Nimedukua simu yake. Anaitwa Terence, Jumapili humpeleka mama yake kuogelea." "Kosa lako ni kumchunguza, bibi! Yule ni picha tu. Hivyo humalizi."

"Namaliza. Brixton nimeikomboa bila kuua hata paka. Marehemu mume wangu alilinda mlango wa duka maisha yake yote, na hakuna mteja aliyejua jina lake. Terence nitamngoja aende chooni." "Waliomtengeneza hawakumpa choo!" "Basi nitapitia juu ya paa."

Mimi, kiti cha nyuma yao, nilijifanya natazama dirishani. Basi likasimama, na mkaguzi wa tiketi akasimama mlangoni. Kijana alishuka huku bado anabisha, ila alipomfikia mkaguzi aliinama kidogo, akasoma jina kwenye beji iliyokuwa kifuani pake.